Lindo la Mzee Mwinjuma

Hajira alimfunga baba yake saa kwenye mkono wa kushoto, akakaza ukanda, akasogea nyuma kuitazama kama anavyotazama gauni la mteja kabla ya kulikunja. Saa yenyewe ilikuwa nyeusi na nyepesi, haina mishale, haionyeshi kitu mpaka uiguse.

"Ni saa ngapi humu?" aliuliza Mzee Mwinjuma.

"Saa inaonyesha, lakini hiyo siyo kazi yake, baba. Kazi yake ni kuangalia unavyolala."

"Itaniangaliaje na haina macho?"

"Inasikiliza damu. Ukilala inajua, ukiamka inajua. Halafu inaniletea habari Korogwe kwa laini yake yenyewe, nami nitawapigia kwa hii simu." Akaiweka simu yake ya zamani juu ya kabati, karibu na waya wa sola. "Msiizime na msiihamishe."

Mzee Mwinjuma akamgeukia mkewe. "Mama Hajira, umesikia? Mlinzi nimewekewa mlinzi."

Bi Fatu alicheka, lakini kicheko hakikwenda mbali. Alijua kwa nini binti yao alipanda basi kuja Sindeni siku ya kazi. Usiku mzee hakulala. Alishika tochi na rungu akaizunguka nyumba, akalizunguka banda la mbuzi, akaizunguka tena nyumba. Mchana usingizi ulimkamata popote alipokaa. Juma lililopita ulimkamata karibu na moto, mkono wa koti ukaanza kuungua, na Bi Fatu akammwagia maji ya ugali yaliyokuwa hayajachemka.

Hajira alisema maneno yake akiwa amesimama mlangoni, mkoba begani.

"Nawapa mpaka mahindi yaingie ghalani. Usingizi ukirudi, mtakaa hapa hapa. Usiporudi, mnahamia kwangu. Chumba kipo, kitanda kipo, feni ipo."

"Na mbuzi?" aliuliza Bi Fatu.

"Watauzwa."

"Na shamba?"

"Mama, siku ile maji yangekuwa mbali ingekuwaje?"

Bi Fatu aligeuka kulitazama shamba. Alizaliwa Sindeni, akaolewa Sindeni. Miaka yote mumewe alipokuwa mlinzi kwenye kiwanda cha mkonge upande wa Korogwe, yeye ndiye aliyebaki na jembe, na wanawake wenzake walikuja kumpalilia alipoumwa mgongo, naye akawapalilia wao. Mjini angempalilia nani? Lakini alimsindikiza binti yake hadi barabarani, akamfungia mihogo mibichi kwenye kanga, maana mtu anayekuja kukuogopea hupaswi kumrudisha mikono mitupu.

Siku za kwanza saa ilisema kweli tupu. Kila asubuhi simu iliita, na Mzee Mwinjuma akahojiwa kama mwanafunzi aliyechelewa namba ya asubuhi shuleni.

"Baba, jana umelala kidogo sana."

"Nimelala."

"Saa inasema ulitembea."

"Nilikwenda msalani."

"Usiku kucha?"

"Tumbo, mwanangu."

Simu ile ilikuwa na sauti kubwa. Jirani yao Bi Maryamu, aliyekuwa akitwanga upande wa pili wa ua, alisikia kila neno. Alichofanya ni kutwanga kwa nguvu zaidi na kuimba juu, ili mzee adhani hakuna aliyesikia.

Bi Fatu alijaribu alivyoweza. Alimchemshia maziwa ya mbuzi. Alimkanda miguu kwa mafuta ya nazi. Mzee alishukuru, akajinyoosha, akasubiri pumzi ya mkewe itulie ndipo anyanyuke. Na Bi Fatu, akijua anasubiriwa, aliituliza pumzi makusudi ili mumewe asipate tabu ya kumvizia. Ndivyo walivyoishi tangu arudi nyumbani moja kwa moja, kila mmoja akijifanya kwa ajili ya mwenzake.

Kosa la Bi Fatu lilianzia kwenye udhu. Jioni moja mzee aliivua saa ili anawe vizuri, akaiacha dirishani. Bi Fatu aliiona pale, akaitazama, akaivaa yeye. Asubuhi Hajira akasema baba amepata nafuu kidogo, ingawa bado. Bi Fatu akaelewa tatizo: yeye mwenyewe halali sawasawa, analala na sikio moja wazi. Saa ilihitaji mtu anayejua kulala.

Mtu huyo alikuwepo ndani. Swaumu, mjukuu wao kwa mtoto wa kiume, wa kidato cha kwanza, alilala hata paa likivuja juu yake. Harusi ya jirani ilipopigwa ngoma mpaka alfajiri, yeye aliamka asubuhi akauliza harusi inaanza lini.

"Bibi, babu akiitafuta?" aliuliza Swaumu akinyoosha mkono avalishwe.

"Babu yako haitafuti kitu kinachomsema. Lala, mwanangu. Lala vizuri."

Swaumu alilala vizuri sana. Hajira alipiga simu akiwa na furaha ambayo nyumba ile haikuisikia muda mrefu. "Baba, umelala kama mtoto mchanga. Unaona sasa?"

Mzee Mwinjuma alishangaa, maana usiku ule alikuwa amelizunguka banda mpaka miguu ikalowa umande. Akafikiri. Saa aliiacha dirishani. Asubuhi aliikuta dirishani. Akaamua kwamba saa ile ni kama redio, inakamata popote inapowekwa, na kwamba kukamata kwake si kuzuri. Hilo halikumsumbua.

"Hii saa ni nzuri," alimwambia mkewe wakinywa uji. "Ina moyo."

"Ina moyo sana," alisema Bi Fatu, akainama kuchochea kuni zisizohitaji kuchochewa.

Korogwe, Hajira alishona barazani mwa duka la Mama Dimple. Ndani, Damayanti, ambaye mji mzima ulimwita kwa jina la binti yake, aliuza vitambaa; kona ya pili Dimple aliuza simu, saa na kamera. Ndiye Dimple aliyemwekea Hajira mambo ya saa kwenye simu, na ndiye aliyeitwa siku simu ilipoanza kulia mfululizo mchana.

"Dada Hajira, baba yako anakimbia."

"Anakimbia kwenda wapi?"

"Haisemi anakwenda wapi. Inasema anakimbia." Dimple akaisogeza simu karibu. "Moyo unapiga sana. Ameruka."

"Ameruka nini, mzee wa miaka sabini?"

"Sijui. Sasa amesimama. Hapana, anakimbia tena. Ameruka tena."

Hajira alinyanyuka, mkasi ukaanguka. Mama Dimple alikuwa ameshatoka ndani na mkoba wa Hajira mkononi.

"Nenda. Cherehani nitaifunika mimi. Mwenye gauni akija nitamwambia mwenyewe, akitaka kugomba agombe na mimi."

Hajira aliteremka Sindeni barabarani, akachukua bodaboda, na kijana wa bodaboda alipouona uso wake hakuuliza nauli wala habari, aliendesha tu. Walimkuta Mzee Mwinjuma kwenye kigoda chini ya upenu, gunzi moja mkononi, kidevu kifuani. Hajira alimwekea kiganja moyoni. Mzee akafumbua macho.

"Karibu. Umefika lini?"

"Baba, ulikuwa unakimbia?"

"Nani?"

"Wewe. Na kuruka."

Mzee aliitazama miguu yake, kisha akamtazama binti yake kwa huruma, kama ndiye mgonjwa. Sauti ya Hajira ilikuwa imeshaita majirani. Walikuja wakiwa na mikono yenye unga, wengine na watoto mgongoni, wote wakitaka kujua nani amekufa.

Swaumu alitokea njiani akiwa na sketi ya netiboli, jasho linamtiririka, amenyoosha mkono juu.

"Tumewashinda," alisema kwa mbali. "Mimi nimefunga zaidi ya wote."

Ule mkono ulikuwa na saa.

Bi Maryamu ndiye aliyewahi kuelewa. Aliwageukia watoto na majirani akasema, "Twendeni kwangu, kuna miwa imekatwa leo asubuhi." Akawachunga wote kama kuku mpaka ua ukabaki na wenyewe.

"Ni mimi," alisema Bi Fatu. "Mtoto hana kosa. Nilimvalisha usiku, leo akasahau kuivua."

"Mama, kwa nini?"

"Kwa sababu sitaki kuhama."

Mzee Mwinjuma alikuwa akiitazama saa mkononi mwa mjukuu wake. "Kwa hiyo aliyekuwa analala ni Swaumu."

"Ndiyo, baba Hajira."

"Na mimi nikasema ina moyo."

Baadaye maneno hayo yangewachekesha mpaka machozi. Siku ile hayakumchekesha mtu. Mzee alisimama, akaliweka gunzi kwenye rundo la magunzi, akapangusa magoti.

"Hajira, nakwenda na wewe leo hii. Mama yako atamalizia mahindi, kisha atafuata. Kukosa usingizi nimekubali. Kuazimiwa usingizi wa mtoto, hapana."

Bi Fatu alimkunjia nguo zake. Alipofika kwenye kofia ya Ijumaa aliipiga pasi upya kwa mkaa, ingawa ilikuwa imenyooka.

Kitanda cha Korogwe kilikuwa laini, feni ilizunguka, chandarua kilikuwa kipya. Hajira na mumewe Athuman, fundi umeme, walikuwa wamejiandaa hasa. Athuman aliweka taa ndogo ya rangi ya machungwa ambayo haiumizi macho. Na Hajira alipata kwenye simu sauti za kulaza watu, akachagua ile ambayo wengi waliisifu, sauti ya mvua ya polepole juu ya bati. Akaiweka karibu na mto wa baba yake, akaufunga mlango taratibu, akamwambia Athuman, "Nani asiyelala kwa mvua?"

Mkulima ambaye mahindi yake yako nje halali kwa mvua. Mzee Mwinjuma aliisikia ikianza, akaruka kitandani. Alfajiri Athuman alimkuta uani, shuka kiunoni, mbingu ina nyota mpaka ukingoni. Nguo zote za kamba zilikuwa zimeingizwa jikoni, pamoja na za wapangaji, na juu ya rundo la matofali ya jirani palikuwa na turubai, limebanwa kwa mawe pembe zote.

"Mzee, shikamoo. Kuna nini?"

"Marahaba. Mvua ya huku ina hila," alisema Mzee Mwinjuma. "Inapiga bati, hainyeshi."

Athuman alikuwa na adabu. Alimweleza habari ya simu, kisha akaenda nyuma ya choo kucheka, akarudi uso umetulia, wakaanza kurudisha nguo moja moja kwenye kamba kabla wenyewe hawajaamka.

Siku zilizofuata hazikuwa na kicheko. Mzee alikaa ukingoni mwa kitanda usiku, akasinzia mchana kwenye kochi mbele ya wageni. Hajira alimwona akikonda. Kila alipopiga simu Sindeni, mama yake alimjibu kwamba mahindi yamebaki machache, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetamani yasiishe.

Jioni moja Mzee Mwinjuma alitembea hadi dukani kumsubiri Hajira afunge cherehani. Mlinzi wa duka alikuwa akifika zamu, mtu mfupi mwenye koti refu na chupa ya chai kwapani. Hakuwa na muda mrefu tangu aajiriwe, na Hajira alimjua kwa salamu tu.

Wazee wawili wakatazamana.

"Mdoe."

"Mwinjuma. Wewe si walisema umekufa?"

"Nani alisema?"

"Mimi. Nilikuulizia mara moja sikujibiwa, nikakuombea dua."

Walishikana mikono wasiachiane. Walikuwa wamelinda geti moja la kiwanda cha mkonge, Mdoe mchana na Mwinjuma usiku, miaka mingi wakikutana asubuhi na jioni tu, dakika za kupokezana. Hajira aliwaacha wakiongea habari za mameneja waliokwisha kufa, akasema Athuman atampitia baba baada ya isha.

Athuman alikuja na pikipiki, akazima injini mbali, maana Mzee Mdoe alikuwa amesimama barazani na kidole mdomoni. Nyuma yake, kwenye kiti cha plastiki, Mzee Mwinjuma alikuwa amelala. Athuman alirudi nyumbani akamwambia mkewe, "Baba yuko na rafiki yake. Wacha waongee." Halikuwa la kweli, lakini Hajira naye alihitaji kulala usiku mmoja.

Geti la chuma la duka lile likifunguliwa asubuhi husikika mpaka stendi. Asubuhi ile halikufunguliwa. Mama Dimple alipita mlango wa nyuma akaanza kuhudumia watu kupitia dirishani, kwa kunong'ona, na wateja bila kuambiwa nao wakanong'ona. Mfagiaji alifagia akaruka sehemu moja. Hajira alifika na kuona watu wamesimama kimya, akapenya.

Baba yake alikuwa amelala mdomo wazi, miguu juu ya boksi la feni, amefunikwa kitambaa kipya cha dukani ambacho bado kilikuwa na karatasi ya bei. Aibu ilimpanda Hajira mpaka masikioni.

"Baba yangu amelala barazani mbele ya mji mzima kama hana watu."

"Ana watu," alisema Mama Dimple. "Ndiyo maana amelala."

Saa mkononi mwa mzee ilikuwa imeleta habari zake, na safari hii mkono ulikuwa wake mwenyewe. Dimple alizisoma, akazirudia. Tangu kulala hakuwa amegeuka hata mara moja.

"Ulimpa nini?" Hajira alimwuliza Mzee Mdoe. Mlinzi alikuwa amemaliza zamu yake zamani na alikataa kwenda nyumbani.

"Sikumpa kitu. Jana nilipoingia kazini alinitania. Kule kiwandani ilikuwa hivi, mama: anayetoka lindoni anahesabu vitu vyote kwa sauti, anasema 'nakabidhi'. Anayeingia anatazama kwa macho yake, anasema 'nimepokea'. Kabla ya neno hilo huondoki getini hata nyumba yako ikiungua. Basi jana akasema, 'Mdoe, nakabidhi.' Nikasema, 'Nimepokea.' Tulikuwa tunacheka. Chai yake hakuimaliza."

Mzee Mwinjuma alikuwa amefumbua macho. Aliwatazama watu wote wale, akavuta kitambaa kifuani kwa haya.

"Nimewafungia duka."

"Hujafunga kitu, mzee," alisema Mama Dimple, na kuwageukia watu. "Haya, rudini kwenye bei zenu sasa. Semeni kwa sauti." Yeye mwenyewe akaenda kuleta chai ya maziwa.

Hajira alichuchumaa mbele ya kiti. "Baba, hukulala kwangu, kwenye feni na godoro. Umelala hapa kwenye plastiki."

"Hapa palikuwa na mtu macho." Mzee aliongea polepole, kama anayejisikiliza. "Sisi mlinzi akifumba macho usiku alifukuzwa, na kila mtu alijua kwa nini. Miaka yote hiyo. Sasa nyumbani nikilala nani yuko macho? Mama yako amechoka na shamba. Mtoto ndiye yule, mnamjua alivyo. Nikifumba macho inakuja aibu kwanza. Usingizi ukifika unakuta nafasi imekaliwa."

"Kwa nini hukuniambia? Nimehangaika na saa, nimehangaika na mvua."

"Nilikuwa sijui, mwanangu. Nimejua hivi sasa, na wewe."

Hajira alicheka, na akicheka akafuta machozi kwa futi yake ya ushonaji iliyokuwa shingoni.

Dimple ndiye aliyeuliza swali. Usiku kucha Mzee Mdoe alikaa na kioo kinachoonyesha kamera za duka, ya mbele, ya stoo, ya uchochoroni. Je, angeongezewa moja ya Sindeni ingemchosha?

"Ya kuangalia nini?"

"Banda la mbuzi. Na mlango wa nyumba."

Mzee Mdoe alifikiri kwa heshima ambayo swali lilistahili. "Mbuzi wangapi?"

"Sita," alisema Mzee Mwinjuma.

"Nawaweza. Ila siku ya Idi nisisahaulike."

Mama Dimple akakumbuka kamera waliyoibandua stoo walipoweka mpya, inayotumia jua na laini ya simu. "Inakula vumbi tu. Athuman aje aichukue."

Hajira alitafuta sababu ya kukataa akaikosa. "Tutajaribu," alisema. "Lakini baba, saa inabaki mkononi."

Bi Fatu aliwaona wakitokea njiani, Athuman na ngazi begani, mzee mbele yake akitembea haraka kuliko ngazi. Mahindi yalikuwa yameshaingia ghalani. Wanawake wenzake walikuja wakamsaidia kupukuchua na hawakumwuliza lolote kuhusu Korogwe. Alijifunga kanga upya, akasema "karibuni" kama watu waliotoka sokoni, kisha akaenda kusimama nyuma ya ghala mpaka uso wake ukatulia.

Athuman aliifunga kamera kwenye nguzo. Bi Fatu aliichunguza kutoka chini.

"Inaangalia wapi?"

"Banda na mlango, mama."

"Igeuze kidogo huku. Bafu langu lisilindwe kutoka Korogwe."

Ikageuzwa. Jioni, baada ya isha, Mzee Mwinjuma alivaa koti, akazunguka mara moja tu, akasimama katikati ya ua na simu sikioni. Bi Fatu, Swaumu na Athuman walikaa upenuni. Hata Bi Maryamu alikuwa amepata shughuli karibu na ua.

"Lindo la Sindeni," alisema mzee kwa sauti ambayo mkewe, katika miaka yote ya ndoa, hakuwahi kuisikia, kwa sababu ilikuwa sauti ya kazini. "Mbuzi sita ndani. Kuku ndani. Majembe mawili ndani. Mlango wa banda umefungwa kwa kamba na komeo. Nakabidhi."

Upande wa pili kioo kilitazamwa kwanza. Mzee Mdoe hakuwa mtu wa kupokea asichokiona.

"Naona watano."

"Wa sita yuko nyuma ya beberu."

"Mwambie asogee."

"Mbuzi nimwambie?"

"Haya, nimeona sikio. Nimepokea, ndugu yangu. Kalale."

Mzee aliingia ndani. Bi Fatu alilala ubavuni mwake, akaituliza pumzi kwa mazoea, akangoja mumewe anyanyuke. Kilichokuja ni mkoromo, mzito, usio na wasiwasi hata kidogo. Ulimnyima Bi Fatu usingizi karibu usiku wote, naye akaona hajawahi kukosa usingizi kwa raha kiasi kile.

Hajira hakuamini kwa wepesi. Alipiga simu ya picha kila asubuhi.

"Nionyeshe mkono, baba. Sasa mkono na uso pamoja. Swaumu, na wewe nionyeshe mikono yako yote miwili."

"Shangazi, mimi nimestaafu," alisema Swaumu.

Mzee alinenepa. Mchana alikaa macho, akaanza kutengeneza vigoda vya majirani vilivyovunjika tangu zamani. Na siku moja Hajira, akiwa anazungumza na mama yake habari za kitambaa, alisema kama anayepita tu, "Kile chumba nimeingiza cherehani ya pili, mama. Nimepata msichana wa kunisaidia. Mkija mtalala hapo hapo, lakini mtakuja kama wageni."

Bi Fatu aliishika simu kwa mikono miwili. "Asante, mwanangu," alisema, kisha akamwuliza kitambaa kile kina maua ya rangi gani.

Ikaja siku ambayo simu iliita kabla ya jogoo, na haikuwa ya mzee. Ilikuwa ile ya kabatini. Bi Fatu aliipokea akinong'ona.

"Shikamoo, shemeji," alisema Mzee Mdoe, naye akinong'ona, ingawa alikuwa peke yake barazani Korogwe. "Samahani kwa kukuamsha. Yule wa nyuma ya beberu amelala chini na anahangaika. Nadhani wakati wake umefika. Sitaki kumwamsha mwenyewe, amelala lindo langu."

Bi Fatu alimwamsha Swaumu, kazi ambayo ilichukua muda mrefu kuliko kuzaa kwenyewe. Walikwenda bandani pekupeku, wakamshika mbuzi, wakapangusa kilichotoka kwa magunia, na Mzee Mdoe aliwaangalia kutoka mjini akiwaelekeza kwa kunong'ona mambo ambayo Bi Fatu aliyajua tangu utotoni, naye akamwitikia kila moja, "Ndiyo, shemeji." Kisha wakanawa, wakarudi kulala. Mkoromo ulikuwa haujakatika.

Kulipokucha Mzee Mwinjuma aliamka, akajinyoosha, akapiga simu kama kawaida kurudishiwa lindo lake.

"Habari za usiku, Mdoe?"

"Nzuri. Lindo la Sindeni. Kuku ndani. Majembe mawili ndani. Mlango umefunguliwa mara moja na wenyewe, umefungwa tena. Mbuzi wanane. Nakabidhi."

Mzee Mwinjuma aliishusha simu, akaitazama, akairudisha sikioni. "Wangapi?"

"Wanane. Usipokee kwa kusikia. Nenda kaangalie."

Mzee alivaa viatu kinyume akatoka mbio. Mle bandani, kwenye majani makavu, vitoto viwili vilikuwa vimesimama kwenye miguu isiyojua kusimama, vinamtafuta mama yao kwa pua. Nyuma yake Bi Fatu alitoka mlangoni na Swaumu akipiga miayo, nguo zao zimejaa manyoya. Mzee aliwatazama, akavihesabu vitoto kwa kidole, akahesabu wakubwa, akarudia tangu mwanzo. Korogwe, Mzee Mdoe alisubiri kwenye laini, koti limeshafungwa vifungo, asiweze kwenda nyumbani mpaka asikie neno.

"Wanane," alisema Mzee Mwinjuma. "Nimepokea."